Dada yangu alirudishwa nyumbani kwa sababu mtoto ana sikoseli. Njooni tuelezane jeni inavyotoka kwa baba NA mama

#1 Mtu wa Slaidi

Habari zenu wanajamvi. Mi ni mtu wa maabara, mwaka wa kumi na nne huu nipo na slaidi na hadubini, wilaya moja huku Kanda ya Ziwa. Leo sitaki kulala kabla sijaandika huu uzi maana mchana kaja mama na mtoto wa miezi tisa, vidole vya mikono na miguu vimevimba vimejaa kama ndizi kisukari, mtoto analia hata shuka ikimgusa, na huyo mama kabla sijamtoboa mtoto ananiambia taratibu, "kaka pima vizuri, maana kwa mume wangu washasema huu ugonjwa nimekuja nao mimi."

Nikakumbuka ya dada yangu, nikasema basi, acha niyatoe.

Dada yangu, tumbo moja kabisa mimi na yeye, mtoto wa kwanza mzima, wa pili alipofika miezi minane akaanza hivohivo, vidole kuvimba, macho ya njano, damu inashuka anaongezewa, baada ya wiki kadhaa inashuka tena. Akapimwa, SS, yaani mgonjwa wa sikoseli. Dada akapimwa, anabeba jeni yake tu, haumwi. Sasa shemeji akaenda zahanati moja kupima kile kipimo cha haraka cha slaidi, majibu yakaja HASI. Wakaitisha kikao cha ukoo. Na kwenye kikao kuna kijana mmoja kasoma kidogo, akasimama akasema kitaalamu sikoseli lazima itoke kwa wazazi wote wawili, na kaka yetu kapimwa hana, kwa hiyo huyu mtoto si wetu. Yaani alikuwa na nusu ya elimu na hiyo nusu ndo ikamaliza ndoa. Dada karudishwa na watoto wawili, begi moja na godoro la futi tatu na nusu. Mama yetu alilia mpaka presha ikapanda.

Nilikaa mwezi mzima nikimbembeleza shemeji aje kwangu nimpime upya, nikimwambia we njoo tu, usipoukuta nitakaa kimya maisha yangu yote. Akaja. Majibu nitawapa huko mbele maana kwanza nataka mwelewe jambo lenyewe, nimechoka kuona watu wanahukumiana kwa kitu ambacho wakikaa nusu saa wataelewa.

Iko hivi.

Kina mama wote mnajua doti ya khanga. Khanga haiuzwi kipande kimoja, inakuja doti, vipande viwili pindo sawa, rangi sawa, maneno sawa. Sasa kwenye kila seli ya mwili wako (ukiacha chembe nyekundu za damu zilizokomaa, zile hazina kiini) kuna doti 23. Hizo ndo kromosomu, vipande 46 kwa ujumla. Kila doti kipande kimoja ulipewa na mama, kimoja baba. Wewe unapotengeneza yai au mbegu ya kiume hutoi doti nzima, unatoa kipande kimoja kimoja kutoka kila doti, vipande 23 tu, na mwenzio anatoa 23 vyake, mtoto anapata doti zake 23 mpya. Hakuna mzazi anayetoa doti nzima mwenyewe na hakuna anayekaa pembeni asitoe.

Na kipande kipi unatoa huchagui. Kwa doti 23, ukihesabu namna zote za kuchagua kipande kimoja kimoja, zinafika zaidi ya milioni 8 kwa mzazi mmoja tu. Na bado kabla ya kutolewa vile vipande viwili vinabadilishana vipisi, huyu anakata pindo anampa huyu. Ndo maana watoto wa tumbo moja mmoja kachukua pua ya babu na mwingine sauti ya shangazi.

Sasa jeni ni nini. Jeni ni yale maneno kwenye khanga. Kipande kimoja cha kromosomu kina mamia ya maneno, mengine zaidi ya elfu, yamepangana toka juu mpaka chini, kila neno ni maelekezo ya kutengeneza kitu fulani mwilini. Kuna maelekezo ya rangi ya ngozi, ya kundi la damu, ya kusaga maziwa tumboni. Yameandikwa kwa herufi nne tu, A, T, G na C, ila urefu wake ni kama herufi bilioni 3 kwa seti moja.

Sikoseli ipo kwenye doti ya 11. Hapo kuna jeni inayoelekeza kutengeneza sehemu ya himoglobini inayoitwa beta. Himoglobini ndo inabeba hewa ya oksijeni kwenye damu na ndo inaipa damu wekundu. Sehemu ya beta ni mnyororo wa pete 146, na pete ya sita inatakiwa iwe asidi moja inaitwa glutamiki, herufi zake ni GAG. Kwenye jeni ya sikoseli herufi moja imebadilika, A imekuwa T, inasomeka GTG, na mwili unafuata maandishi, unaweka pete nyingine inaitwa valini. Basi. Fikiria khanga imeandikwa "mtoto kula" halafu kiwandani herufi moja imekosewa ikatoka "mtoto kufa". Herufi moja katika bilioni 3. Mi nimefanya hii kazi miaka yote hiyo na bado nikiifikiria nywele zinasimama.

Ile pete mpya inachukia maji, inatafuta mahali pa kujibanza. Himoglobini ikishaachia oksijeni zinaanza kunatana, moja inajibanza kwa nyingine, zinakuwa vijiti virefu ndani ya chembe, na chembe iliyokuwa ya duara laini kama andazi lililobonyea katikati inavutwa inakuwa kama mundu wa kuvunia mpunga. Chembe ya hivyo haipiti kwenye vimishipa vidogo. Inakwama, zingine zinakwama nyuma yake, mfupa unakosa hewa, hayo ndo maumivu. Na chembe nzima inaishi siku kama 120, hii ya mundu siku 10 mpaka 20 imekufa, uloto (ule wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu) haukimbii kiasi hicho kutengeneza nyingine, ndo damu inapungua kila mara na macho yanakuwa njano.

Neno sahihi tunaliita A, lililokosewa S. Ukiwa na kipande kimoja kina neno sahihi na kimoja kina neno lililokosewa wewe ni AS, umebeba ila huumwi, kwa sababu kile kipande kizima kinatengeneza himoglobini ya kutosha. Watu wengi wa hivyo wanazeeka bila kujua. Vipande vyote viwili vikiwa na kosa ndo SS, mgonjwa. Kwa hiyo mtoto wa SS kapewa S moja na mama na S moja na baba. Hakuna "ugonjwa wa upande wa mama".

Naendelea chini, ngoja niweke chai.

#2 Binti Mvita

Pole sana ndugu yangu kwa dadako. Huu uzi nauhifadhi. Hapo kwa doti ya khanga umenipata, maana nyumbani kwetu Mombasa tumekulia khangani. Endelea, tuko.

#3 Baba Mapacha

Mkuu shusha majibu ya shemeji kwanza, roho iko juu juu hapa.

#4 Mtu wa Slaidi

Nimerudi. Baba Mapacha shemeji anakuja, ila lazima kwanza mjue kile kipimo alichopimwa zahanati kinavyofanya kazi, la sivyo hamtaelewa kosa lilitokea wapi.

Kipimo cha slaidi ni hivi. Unatoboa kidole, unaweka tone dogo la damu kwenye kioo, unaongeza tone la dawa inaitwa sodiamu metabaisalfaiti, kazi yake ni kunyonya oksijeni. Unafunika na kioo chembamba, unaziba pembeni na vaselini ili hewa isiingie, unaacha. Baada ya nusu saa unaangalia kwenye hadubini. Kama mtu ana S unaanza kuona chembe moja inachongoka upande, nyingine inajikunja, ukirudi baada ya saa nyingine uwanja mzima umejaa mundu na vitu kama majani ya mchongoma. Mtu ambaye hana, chembe zake zinabaki duara tu.

Shida ni mbili. Ya kwanza, ile dawa lazima ichanganywe mpya siku hiyohiyo, ikilala haina nguvu, haitanyonya oksijeni na mwenye S atasomeka hana. Au mtu ana foleni ya wagonjwa arobaini nje anaangalia baada ya dakika kumi anaandika hasi. Ya pili, hata kikifanyika vizuri hakitenganishi AS na SS, wote wanatoa mundu. Kinakuambia tu S ipo au haipo.

Kipimo cha kuaminika ni elektroforesisi au mashine zinazofanana na hiyo kazi. Unapitisha himoglobini kwenye umeme. Na hapa ile herufi moja inaonekana kwa macho: ile asidi ya glutamiki ina chaji hasi, valini haina chaji, kwa hiyo himoglobini A inakimbia haraka kwenda upande wa chanya na S inabaki nyuma. Mtu wa AA una mstari mmoja mbele. SS mstari mkubwa nyuma. AS mistari miwili, mmoja mbele mmoja nyuma.

Shemeji alikuja Jumanne asubuhi, kavaa koti la msiba, sijui kwa nini alivaa koti lile. Nilimchoma mwenyewe. Nilipotoa ile karatasi nikaiweka mezani pembeni ya ile ya dada, nikamwambia sisemi kitu, hesabu mistari. Ya dada miwili. Ya kwake miwili. Alihesabu kwa kidole, akarudia, akaiweka chini akafunika uso. Alikaa pale karibu saa nzima.

Alimfuata dada baada ya wiki mbili. Dada alirudi, ila aliniambia kaka, nimerudi kwa ajili ya watoto, ule mwezi sitausahau. Mtoto sasa ana miaka saba yuko la kwanza.

#5 Kocha Mstaafu

Aisee. Koti la msiba limenigusa. Sasa mkuu naomba kuuliza na usinione mjinga. Mimi AS mke AS, tumepimwa wote sehemu nzuri. Mtoto wa kwanza ndo SS. Daktari alituambia ni mmoja kati ya wanne. Kwa hiyo sisi ule mmoja tushampata, hawa watatu wanaofuata si wako salama? Mama watoto anaogopa kubeba tena na mimi namwambia zamu imepita.

#6 Mtu wa Slaidi

Kocha si ujinga kabisa, hili ndo swali naulizwa kuliko yote na daktari aliyekuambia vile hakukosea ila hakumalizia.

Chukua shilingi mbili, moja ya kwako moja ya mkeo. Kila shilingi upande mmoja andika A upande mmoja S. Zirushe pamoja. Zinaweza kuangukia A na A, mtoto hana kabisa. A yako na S yake, au S yako na A yake, hizo mbili mtoto anabeba tu kama ninyi. S na S, mgonjwa. Njia nne, moja ndo ugonjwa. Sasa mkizirusha tena kwa mimba ya pili, zile shilingi zinakumbuka ziliangukia wapi mwanzo? Hazikumbuki. Kila mimba ni moja kwa nne UPYA. Kuna familia naijua watoto watano hakuna mgonjwa hata mmoja, na kuna familia watatu wote SS, uwezekano wa kupata watatu mfululizo hivyo ni mmoja kwa 64 lakini unatokea, na wakati unatokea majirani wanasema wamerogwa.

Kwa hiyo zamu haijapita kaka. Mwambie mama watoto kuogopa kwake kuna sababu, ila pia mwambie kila mimba ina nafasi tatu kwa nne za mtoto asiyeumwa. Mwende pamoja kliniki muongee na watu wa sikoseli kabla hamjaamua, na mkipata mwingine apimwe mapema, wiki za mwanzo, msisubiri avimbe vidole.

#7 Mama Ntilie wa Stendi

Mi wangu alikuwa mnene mzuri mpaka miezi sita hakuna kitu, nikasema huyu mzima. Kumbe. Kwa nini haianzi akizaliwa?

#8 Mtu wa Slaidi

Swali zuri mama yangu. Mtoto akiwa tumboni hatumii himoglobini ya kikubwa, anatumia ya kichanga, na hiyo inatengenezwa na jeni nyingine kabisa, jirani na ile ya beta, doti hiyohiyo ya 11. Ile jeni ya kichanga haina kosa. Akizaliwa mwili unaanza kuizima polepole na kuwasha ya kikubwa, kufika miezi sita hivi ya kichanga imebaki kidogo na S imejaa, ndo mambo yanaanza. Hakukuwa na kosa lako lolote, wala chakula ulichompa, wala maziwa.

Na hapo ndo wanasayansi wakapata ujanja. Wakasema kama ya kichanga haina shida si tuiwashe tena? Kidonge cha haidroksiyurea kinachotumika kliniki ndo kazi yake kubwa hiyo, kinaongeza himoglobini ya kichanga. Na ile tiba mpya ya kukata jeni iliyoruhusiwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba 2023, wanachukua seli za uloto za mgonjwa, wanaharibu swichi inayozima jeni ya kichanga, wanazirudisha. Haigusi hata ile herufi iliyokosewa, inaipita pembeni. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 mgonjwa mmoja, kwa hiyo kwa sasa mimi na wewe tunaisikia tu, na inaniuma kwa sababu wagonjwa wengi wa dunia hii wapo kwetu Afrika, Nigeria, Kongo, hapa Tanzania peke yake wanakadiriwa kuzaliwa kama watoto 11,000 kila mwaka.

Tunacho cha kwetu lakini. Muhimbili wana kliniki na utafiti wa sikoseli tangu 2004, Profesa Julie Makani na wenzake wamefuatilia maelfu ya wagonjwa, na Dodoma pale Benjamin Mkapa wameanza kupandikiza uloto.

#9 Mnyamwezi wa Reli

Mkuu mi nina swali la kiimani kidogo. Kama hii jeni inaua watoto hivi, kwa nini Mungu asiiondoe, au kwa hesabu zenu za sayansi, si ingeshaisha yenyewe zamani? Wenye SS zamani walikuwa wanakufa wadogo kabla ya kuzaa.

#10 Mtu wa Slaidi

La Mungu nitawaachia wenye kujua. La sayansi ngoja nikupe kisa ninachokipenda kuliko vyote na kimetokea hapahapa kwetu.

Kulikuwa na daktari anaitwa Anthony Allison, mzaliwa wa Afrika Kusini ila kakulia Kenya, kwenye shamba Bonde la Ufa. Mwaka 1949 alikuja na msafara wa chuo cha Oxford kwenda Mlima Kenya, yeye kazi yake kukusanya damu za makabila mbalimbali. Akapima sikoseli. Akaona jambo la ajabu: watu wa Pwani na watu wa karibu na Ziwa Victoria wanaobeba S ni wengi, zaidi ya 20 katika 100, na wale wa nyanda za juu na sehemu kavu ni chini ya mmoja katika 100. Uganda nako kwa Wabaamba wa Bwamba watafiti wengine walikuta 45 katika 100. Akajiuliza, Pwani na Ziwani wana nini cha kufanana? Si kabila, si lugha, si chakula. MBU. Malaria. Akaja kuthibitisha na kuchapisha 1954, na mwanzoni wakubwa wengi hawakumwamini.

Mdudu wa malaria anaishi ndani ya chembe nyekundu. Akiingia kwenye chembe ya mtu wa AS mambo yanamwendea vibaya, chembe inajikunja, bandama inaikamata inaisaga na mdudu ndani. Utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, ulionyesha mtoto wa AS ana kinga ya kama asilimia 90 dhidi ya malaria kali, ile ya kuzimia na kuishiwa damu. Sasa fikiria kijiji cha miaka elfu iliyopita hapa ziwani. Mtoto wa AA malaria inamchukua. Wa SS sikoseli inamchukua. Anayebaki kuoa na kuolewa ni wa AS, na anagawa S yake kwa nusu ya watoto. Ndo maana haikuisha. Mimi nikimwona mtu wa AS naona mtu ambaye bibi wa bibi yake aliponea malaria kwa hii herufi, akaishi, akazaa. Akina dada mnaoambiwa mna laana kwenye damu, mwambieni aliyesema aje asome hapa.

ILA ILA ILA. Kinga ni ya AS. Mtoto wa SS malaria ni hatari kwake KULIKO mtoto mwingine, inashusha damu ambayo tayari ni ndogo. Msije mkaacha chandarua eti ana sikoseli hapati malaria. Nimeona mzazi kafanya hivyo na sitaki kuona tena.

#11 Binti Mvita

SubhanAllah, sijawahi kuyasikia haya na mimi ni mtu wa Pwani. Sasa huku kwetu tunaoana sana ndugu, mtoto wa ami, mtoto wa khalati. Je ndo inachangia? Nauliza kwa nia njema, wazee wetu wana sababu zao.

#12 Mtu wa Slaidi

Dada ahsante kwa kuuliza hivyo. Ndoa ya ndugu haitengenezi jeni mbaya. Inachofanya, wewe na mtoto wa ami yako babu ni mmoja, kama babu alibeba neno lililokosewa kwenye kipande kimoja basi uwezekano ninyi wote wawili mmepokea kipande kilekile unapanda. Kwa sikoseli, sehemu ambazo S ni ya kila mtu hata mkioana mgeni na mgeni mnaweza kukutana. Ila kwa mambo yaliyo adimu, hapo undugu unaongeza sana. Wazee waheshimiwe, na damu ipimwe kabla ya posa, haya mawili hayagombani.

Na kwa kuwa nimegusa hapo: ualbino nao ni hivihivi. Vipande viwili, wazazi wote weusi, kila mmoja kabeba neno moja lililokosewa na hajui, wanakutana mtoto anazaliwa hana rangi. Kwa watu wengi wa huku kwetu jeni yenyewe ipo doti ya 15. Mama hajatembea na mzungu wala hakuna mzimu. Kanda hii yetu ninayoishi watu wameuawa na kukatwa viungo kwa kutojua hilo. Nitafungua uzi wake peke yake, hauwezi kukaa kwenye aya moja.

#13 Kijana wa Kishapu

Kuna mwana hapa kitaa kapima mke AS yeye AA mtoto SS, na alipimwa kwa mashine sio slaidi. Huyo si moja kwa moja mtoto wa nje? Kuwa mkweli mkuu.

#14 Mtu wa Slaidi

Nitakuwa mkweli. Kwa kanuni SS anahitaji S mbili. Lakini kabla mtu hajatamka neno ambalo hawezi kulirudisha, aulize haya. Sampuli zilichanganywa? Inatokea, jina moja watu wawili, mi nimeona. Huyo baba aliongezewa damu miezi ya karibuni? Damu ya kuongezewa ni ya mtu mwingine, inaingiza A ya mtu mwingine kwenye majibu yako. Mtoto wa SS akiongezewa damu wiki iliyopita atasomeka kama AS, nimeshaona wazazi wanashangilia amepona. Halafu kuna jeni nyingine za beta, kuna ya thalasemia, ambayo inatengeneza beta kidogo sana au haitengenezi kabisa, mtoto akipata S kwa mama na hiyo kwa baba atasomeka S tupu karibu sawa na SS, na baba kwenye majibu hana S hata chembe. Warudie wote watatu siku moja, sehemu moja, na mtaalamu asome.

Kama baada ya yote hayo bado, hiyo ni ndoa yao, si ya kitaa.

#15 Mama Ntilie wa Stendi

Na hili la kuzaa wasichana watupu? Mi nina wanne, mawifi wanasema tumbo langu halina dume.

#16 Mtu wa Slaidi

Mama hilo la haraka. Doti ya 23. Mwanamke vipande vyake viwili vinafanana, X na X. Mwanaume kipande kimoja kirefu kimoja kifupi, X na Y. Wewe huna Y ya kumpa mtoto, ungetoa wapi? Kila mtoto wako umempa X, baba ndo anatoa X au Y na yeye mwenyewe hachagui. Mawifi zako wakitaka kujua Y iko wapi wamuulize kaka yao, na wamuulize kwa upole maana na yeye hana kosa.

#17 Kocha Mstaafu

Mkuu nimekaa na mama watoto tumesoma wote. Kacheka kidogo kwenye shilingi mbili, sijamuona akicheka kuhusu hili jambo tangu mwaka juzi. Tukiwa na huyu wa kwanza nyumbani tuzingatie nini hasa?

#18 Mtu wa Slaidi

Nimefurahi sana kusikia hivyo Kocha.

La kwanza kuliko yote: homa. Mtoto wa SS akipata homa ya kupanda, 38.5 kwenda juu, huo si usiku wa kusubiri asubuhi wala wa kumpa panado ulale. Bandama yake inaharibika mapema sana, na bandama ndo inachuja bakteria kwenye damu, kwa hiyo kidudu ambacho kwa mtoto mwingine ni mafua kwake kinaweza kumchukua ndani ya saa chache. Ndo sababu wanapewa penisilini kila siku mpaka miaka mitano, na chanjo zote, hasa ya nimonia. Jifunze kupapasa bandama, ubavu wa kushoto chini ya mbavu, nesi wa kliniki atakuonyesha. Ikivimba ghafla na mtoto kapauka mdomo, bodaboda hiyohiyo hospitali. Mkono au mguu ukilegea upande mmoja, mdomo ukipinda, hiyo ni kiharusi na watoto wa sikoseli wanapata, kimbia.

Maji mengi. Asivae nepi mbichi wala asiloane mvua, baridi inaamsha maumivu. Asidi ya foliki. Chandarua kila siku. Haidroksiyurea muulize daktari wako, usinunue mwenyewe duka la dawa maana lazima damu ifuatiliwe. Na mwalimu wake ajue, akiomba maji apewe, akiomba kwenda chooni aruhusiwe, figo zao hazishiki maji vizuri, wengi wanakojoa kitandani mpaka wakubwa na wanachapwa bure.

#19 Baba Mapacha

Nimemtumia mchumba wa mdogo wangu huu uzi. Jumatatu wanaenda kupima wote wawili. Ukikuta AS na AS utawaambia waachane?

#20 Mtu wa Slaidi

Hapana. Mi siachanishi watu. Nitawaonyesha ile karatasi, nitarusha shilingi mbili mbele yao mara nyingi mpaka wachoke, halafu nitawaacha waongee. Wapo walioachana, na wapo waliooana wanajua wanachokiendea na mtoto wao akipimwa wiki ya kwanza akaanzishiwa dawa mapema. Kinachoniuma ni wale wanaojua baada ya mtoto kuvimba vidole, halafu wanaanza kutafutana uchawi.

Leo kabla ya kufunga yule baba wa mtoto wa miezi tisa niliyemtaja mwanzo alikuja. Peke yake. Alisimama dirishani muda mrefu nikadhani anasubiri majibu ya mtu mwingine, mwisho akauliza kwa sauti ya chini, "kipimo cha baba ni shilingi ngapi?" Nikamwambia ingia ndani kaka, kaa hapo, kunja shati. Majibu yatatoka Ijumaa na sitayaandika hapa, ni ya kwake na mkewe.

Wenye maswali wekeni, nikitoka zamu nitajibu.